Chai Baada ya Alasiri

Simu ya Hawa ilinikuta ofisini kwangu mtaa wa Karavia, Lubumbashi, nikiwa na kijana mmoja mwenye mabega mapana aliyeniletea kopo la unga wa protini kubwa kama ndoo, akitaka nimwambie ale vijiko vingapi ili mwili ujae kabla ya sikukuu. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Watu wanaokimbia, wanaonyanyua vyuma, wanaocheza tenisi jioni, wote wanakuja kuniuliza wale nini. Nilikuwa nimeanza kumtania kwamba mbuzi naye ana protini, na tena mbuzi anajitembeza mwenyewe mpaka nyumbani, ndipo simu ikalia. Hawa hakuzunguka. Alisema, "Odette, papa anatuacha asubuhi. Kuya," yaani njoo. Nilimwomba kijana radhi, nikamsindikiza mlangoni, kisha nikakaa kwenye kiti chake badala ya changu, nikalia mpaka nikachoka. Marehemu hakuwa baba yangu wa kunizaa. Alikuwa Papa Ramazani, fundi cherehani wa mtaa wa Katuba, aliyenilaza na kunilisha tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba mpaka nikamaliza shule. Kama leo nina kazi, na nina damu ya kutosha kupanda ngazi bila kushika ukuta, chanzo chake ni nyumba ile, na nataka niandike habari yake kabla uchungu haujanipoa.

Mambo ya kwetu Kabalo sitayaeleza. Baba alikuwa mtu wa reli, na treni ilikuja siku iliyotaka; yatosha. Shule moja ya Lubumbashi ilinichukua kwa sababu ya mpira wa kikapu. Nilikuwa mrefu, na mikono yangu ilikuwa mirefu kunizidi, na makubaliano yalikuwa mepesi: nikicheza, nasoma bila kulipa, nisipocheza, nafasi anapewa mwingine, nami narudi Kabalo kungoja treni. Shangazi aliyetakiwa kunipokea alikuwa amehamia Kolwezi bila kumwambia mtu. Kwa hiyo siku ya kwanza ya masomo nilikuwa na sanduku, lakini sikuwa na mlango wa kubisha. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliliangalia lile sanduku asubuhi nzima, na kengele ilipolia akalishika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukatembea mpaka kwao Katuba bila yeye kuniuliza hata swali moja. Huyo ndiye Hawa. Wao walikuwa Waislamu, asili yao Maniema. Mimi nilikuwa Mkatoliki mwenye msalaba wa plastiki shingoni. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hawa, alinitazama kutoka miguuni mpaka utosini, akasema kitanda hakitanitosha, basi mimi na Hawa tutalala chini kwenye mkeka. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ndoo ya maji siku ile ile, na nilifurahi, kwa kuwa mtu anayetumwa kuchota maji hafukuzwi upesi.

Naiona bado sebule ile. Cherehani ilikaa dirishani kwa ajili ya mwanga, na pembeni yake kulikuwa na mashati yasiyo na mikono, yamening'inia yakingoja. Ilinuka mafuta ya mashine, pasi ya makaa na udi uliochomwa Ijumaa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu kabla ya mimi kufika na hakuna aliyejisumbua nayo, kwa sababu nyumba ilikwenda kwa sala. Mtu hakuambiwa njoo saa saba. Aliambiwa njoo baada ya adhuhuri. Papa Ramazani alikuwa mwembamba, mpole, mwenye pini midomoni, na nadhani pini zile zilimsaidia, kwani alikuwa mtu wa maneno machache na zilimpa sababu. Suala la mimi kukimbia uwanjani na kaptula fupi halikumpendeza. Hakulisema. Alipima magoti yangu kwa macho, na kesho yake nikakuta juu ya mkeka kaptula inayofika magotini, imeshonwa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Wenzangu wa timu walinicheka wiki nzima, halafu mmoja baada ya mwingine wakaanza kuniuliza fundi anakaa wapi.

Lakini nyumba ile ilikuwa hasa mahali pa kula, na hapo ndipo mambo yangu yote yalipoanzia. Tulikula wanne kwenye sinia moja, baba, mama, Hawa na mimi, maana kaka zake Hawa walikuwa wamekwenda kufanya biashara Kindu. Mama Hawa alisonga bukari, ndio ugali wa kwetu, nyuma ya nyumba, sufuria juu ya mbabula ya makaa, miguu ameipanua kama mtu anayevuta gari, na bukari yake ilisimama yenyewe bila kuegemea. Kando kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, au matembele, au mchicha tunaouita lengalenga, na bakuli la samaki wakavu au la maharagi. Na kulikuwa na utaratibu. Samaki ni wa mwisho. Vijana wanakula bukari na majani na mchuzi, wanakula mpaka wanatosheka, ndipo baba anavunja samaki na kugawa. Ukimgusa samaki mapema, wewe ni mlafi, hukufunzwa. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo, hata za Wakatoliki wenzangu, na sikuona ajabu yoyote. Ila mimi niliyetoka mazoezini na njaa ya mbwa, kufikia wakati wa samaki tumbo lilikuwa limejaa bukari mpaka shingoni, na kipande changu mara nyingi nilimpa Hawa kwa siri. Mwisho wa yote ikaja chai. Chai ya Mama Hawa ilichemka na majani yake mpaka ikawa nyekundu kama udongo wa Katuba, na tangawizi na sukari nyingi. Ilikuja na kila chakula, asubuhi, mchana, jioni, na mtu aliyetoka nyumba ile bila kuinywa alikuwa amemtukana mwenye nyumba.

Oktoba ni mwezi mbaya kwa wanaokimbia Lubumbashi. Mvua inatisha lakini hainyeshi, na saruji ya uwanja inachoma kupitia soli. Kocha wetu aliitwa Dido, mtu wa filimbi na wa moyo, naye alitukimbiza kabla ya kutupa mpira. Mwanzoni nilikuwa wa kwanza. Kisha nikawa wa katikati. Kisha nikaanza kusikia moyo unagonga masikioni nikipanda ngazi za darasani, na nikawa nahisi baridi kwenye lile joto. Tukiwa njiani kurudi nyumbani mimi na Hawa tulinunua pemba, ule udongo mweupe, yeye alitafuna kidogo kwa mchezo, mimi nilitafuna kama mkate na nikataka tena. Leo msichana akinijia na kunong'ona kwamba anapenda pemba, au mchele mbichi, simngoji amalize, namtuma maabara. Wakati ule nilidhani ni utamu tu. Siku moja nilirukia mpira, nikaushika, na nilipotua hapakuwa na ardhi. Nilipofumbua macho nilimwona kocha Dido ananipepea kwa kofia yake, akiwaambia wengine wasinizibie hewa.

Dispensari ya parokia ilikuwa na muuguzi mmoja, Mama Béatrice, mwanamke wa kutoka Kongolo, mzito, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alivuta kope yangu chini, akaangalia, akanipeleka kutolewa damu, kisha akamwambia kocha, mimi nikiwa pale pale, kwamba msichana huyu damu yake ni kidogo na asikimbie hata hatua moja mpaka ipande. Alinipa vidonge vya kuongeza damu. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na shule ya kuendesha. Alisema ataningoja mpaka timu itakapochaguliwa kwa mashindano ya shule, baada ya Pasaka. Kama sitakuwemo, kuna msichana mwingine kutoka Likasi, mrefu pia. Nakumbuka niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima, nikaenda nyuma ya choo cha shule nikalia. Sikulilia mpira tu. Nilitaka kusoma, nilitaka mji ule, na nilikuwa nimeshaanza kuupenda mkeka wa Hawa.

Mama Hawa aliposikia alichukua ugonjwa wangu kama vile mtu amemtupia taka mlangoni. Mtoto anaishiwa damu nyumbani kwake, watu watasema hapewi chakula? Akaanza kazi. Kwetu kila mtu anajua kwamba kitu chekundu kinaongeza damu, na yeye alijua kuliko wote. Alinikorogea nyanya ya kopo ndani ya maziwa, nikaimeza huku nimefumba macho. Alinitafutia mchicha mwekundu. Na juu ya yote, alinizidishia chai. Aliichemsha muda mrefu zaidi, akaiacha inywee majani mpaka ikawa karibu nyeusi, akanimiminia mimi kwanza, kikombe kikubwa cha bati cha Papa Ramazani mwenyewe, akanisimamia nimeze kidonge changu kwa hiyo chai. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, nyumba nzima ilifunga, na mimi nikasema nitafunga nao, nisimsumbue. Alikataa kabisa. Kila mchana, bila kuonja tone, mwanamke yule alikaa mbele ya mbabula na midomo mikavu, akanisongea bukari ya mtu mmoja, akaniwekea mbele, na chai juu yake, akakaa kuniangalia mpaka nimalize. Nimekula kwenye hoteli za Kinshasa na kwenye mikutano ya wakubwa, lakini sijawahi kulishwa kwa heshima kama ile. Na kila nikila nilishukuru, na kila wiki nilizidi kupauka.

Niliporudi kupima, damu haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kidogo. Kocha Dido alikuja nami, akainamisha kichwa, kisha akaniuliza taratibu kama vidonge nilikuwa navitupa, kwa sababu wasichana wengine husema vinawaumiza tumbo. Niliapa kwamba sijatupa hata kimoja. Nadhani hakuniamini, na mtaani maneno yalikuwa yameshaanza. Mwanamke mmoja bombani alimwuliza Hawa, mimi nikisikia, kama rafiki yake hana mimba. Mama Béatrice ndiye aliyeacha kuuliza kama nameza. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Ile dawa, uko unameza na nini?"

"Na chai, mama. Chai ya nguvu, ya kwetu."

"Na kisha kula, unakunywa nini?"

"Ile ile chai."

Alivaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Binti yangu, mukono moja iko inafungua mulango, ingine iko inafunga." Akanieleza, na akamweleza kocha, kwa subira ya mtu aliyesomea jambo na analipenda. Majani ya chai yakikutana na chakula tumboni yanakamata yale madini ya kutengeneza damu, yawe ya kidonge, yawe ya maharagi, yawe ya lengalenga, na mwili unayapoteza. Wekundu wa chai si damu. Chai si mbaya. Ikae tu mbali na chakula, kwa muda wa saa mbili hivi. Mboga za majani zikamuliwe ndimu. Na samaki, akasema, au maharagi, au ini likipatikana, vianze kuingia wakati tumbo bado lina nafasi, maana mchezaji hajengwi na bukari peke yake. Siku hizi nayarudia maneno hayo hayo kwa watu wa mtaa wa Bel-Air wenye makopo ya unga, na swali langu la kwanza kwao ni chai wanakunywa saa ngapi. Wengine hudhani sijasoma vya kutosha.

Njiani kurudi sikuwa na furaha, ingawa nilikuwa nimepewa dawa ya shida yangu. Ningemwambiaje Mama Hawa kwamba wema wake ndio ulionikausha? Mtu anaweza kukataa nyama, akasema meno yanamwuma. Kukataa chai katika nyumba ile ilikuwa kukataa nyumba yenyewe. Nilimwambia Hawa, na Hawa, ambaye hajawahi kuogopa kitu maishani mwake, aliingia jikoni akamwambia mama yake yote kwa pumzi moja. Nilisimama uani nikingoja nisikie atasema nini. Jioni ile chai haikuja kwangu. Kikombe cha bati kiliwekwa mbele ya Papa Ramazani, na Mama Hawa alimimina bila kuniangalia, akanywa nusu ya chake, akaondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Afadhali angenigombeza. Usiku ule nilipanga nguo zangu kwenye sanduku bila kujua naenda wapi.

Alfajiri, baada ya sala, niliwasikia. Ukuta kati ya mkeka wetu na chumba chao haukufika darini, na kila neno lilivuka. Mama Hawa alikuwa analia, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Mimi njo nilimuua na mukono yangu," alisema, maana njo kwetu ni ndiyo. "Nilikuwa namupa juu ya kupona. Sasa atakaa pale na mikono mitupu, siye tunakunywa, yeye anatuangalia. Na bageni bakiona? Batasema Mama Hawa anamunyima mutoto wa batu chai."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia Papa Ramazani akiongea bila pini midomoni.

"Hautamunyima. Chai itangojea. Chakula kisha adhuhuri, chai kisha alasiri. Ya jioni ikuye kisha isha. Siye bote, hata mimi. Asione ni yeye peke yake njo anakatazwa."

"Na bageni?"

"Bageni batangojea na siye."

Hawa alikuwa macho kando yangu. Alinyoosha mkono gizani, akakivuta kifuniko cha sanduku langu, akakifunga, akalisukuma kwa mguu mpaka ukutani. Nililala pale nikijua kwamba mzee anayependa chai kuliko usingizi ameiondoa kwenye chakula chake kwa ajili ya msichana mrefu wa Kabalo asiye na undugu naye. Nilimshukuru Mungu wangu, na kwa kuwa nilikuwa kwake, nikamshukuru na Mungu wa Papa Ramazani, nikiamini ni yule yule.

Asubuhi hiyo tulipata uji wenye karanga zilizosagwa, na kidonge changu nilikimeza kwa maji yenye ndimu. Mchana, tulipozunguka sinia, Papa Ramazani alinawa wa kwanza kama kawaida, akasema bismillahi, kisha akafanya jambo lililomfanya Mama Hawa aache mkono hewani. Alivuta bakuli la samaki kutoka pembeni, akamvunja samaki kabla ya mtu yeyote kugusa bukari, akaweka kipande kinono mbele yangu, kingine mbele ya Hawa. Akasema tu kwamba Mama Béatrice kasema. Nilikula samaki wangu wakati bado nina njaa, na sijui kama nitaweza kueleza utamu wake. Baada ya hapo Papa alikula bukari na majani kama kijana, samaki akaja kwake mwisho, na mara nyingine kilichomfikia kilikuwa kichwa. Alikinyonya polepole, bila haraka, na kurudi kwenye cherehani. Akishona alitazama nje mara kwa mara kuona kivuli cha nyumba ya jirani kimefika wapi, na wote tulijua anaitafuta alasiri.

Mtihani wenyewe ulikuja na mgeni. Shemeji yake Mama Hawa alifika kutoka Kindu, mfanyabiashara mwenye kanzu nyeupe na sauti pana, aliyekuwa ametufikishia salamu na dagaa kutoka kwa kaka zake Hawa. Alikula vizuri, akasifu, akanawa, akaegemea ukuta na kungoja chai. Chai haikuja. Alizungumza habari za barabara, akakohoa, akamwangalia Mama Hawa. Nilimwona Mama Hawa anavyoikunja na kuikunjua ncha ya kitenge chake, na nikajua ni aibu ya namna gani ile, aibu aliyoiogopa tangu alfajiri ya siku ile. Nilifungua mdomo niseme kwamba sababu ni mimi. Yeye alinitangulia. "Shemeji," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "huku kwetu chai iko kisha alasiri. Njo namna tunajenga batoto." Mgeni alicheka, akidhani ni mzaha wa watu wa Katanga. Alipoona hakuna anayecheka naye, alijinyoosha mkekani akalala usingizi, na alasiri alikunywa vikombe vinne akasema hajawahi kuona chai tamu kama ile.

Haba na haba, mwili ukarudi. Kwanza niliacha kutamani pemba. Halafu ngazi za darasani zikawa ngazi tu. Mama Hawa alikuwa akinivuta kope kila Ijumaa kama alivyomwona muuguzi akifanya, akimwita Hawa athibitishe, na mikono yake ilinuka ndimu. Kabla ya Pasaka Mama Béatrice alisoma karatasi ya maabara mara mbili, akamwambia kocha Dido anaweza kunikimbiza sasa, lakini kwa adabu. Nilichaguliwa. Sikuwa nyota, nilianza mechi mbili za mwisho, na katika fainali tulifungwa na shule moja ya mjini kwa tofauti ndogo. Lakini mkuu wa shule aliniandika kwa mwaka uliofuata, na msichana wa Likasi akaja pia, kwa sababu mtu mwingine aliolewa, na tukawa marafiki. Niliendelea kukaa kwa Papa Ramazani mpaka nilipomaliza. Baadaye nilikwenda Kinshasa kusoma lishe, nikaolewa huko, miaka ikapita, na Mama Hawa alifariki nikiwa mbali, nami sikupata hata kumwaga udongo juu yake. Mwaka jana nilirudi Lubumbashi. Nilimkuta mzee kitandani, ameshapoteza macho, nikawa nampelekea machungwa siku za Jumapili baada ya misa, nakaa naye kidogo, namwacha apumzike. Hatukuwahi kuzungumza habari za chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilidhani ameshasahau.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Kaka zake Hawa walikuja kutoka Kindu na wake zao, watoto na wajukuu, wengi sikuwajua na wao hawakunijua. Kwao nilikuwa mama fulani mrefu mwenye nywele nyeupe, rafiki wa shangazi. Tulikaa wanawake kwenye mikeka uani. Vijana walileta masinia, na mjukuu mmoja aitwaye Aziza, msichana aliyekulia Kindu, akapita na bakuli la samaki akiweka kipande mbele ya kila mtoto kabla ya mtu kukata bukari. Niliangalia nikasema moyoni, labda ni bahati tu. Tulikula, tukanawa. Mwanamke mmoja wa mtaani, amechoka na kilio, alimwomba Aziza chai. Aziza akapiga goti kwa heshima, akasema, "Mama, utusamehe, ungojee kidogo. Kwetu chai iko kisha alasiri."

Yule mwanamke aliuliza kwa nini, mbona ni ajabu hiyo. Aziza alifikiri, akaonekana kama mtu aliyeulizwa kwa nini analala usiku. Akajibu kwamba hajui. Kule Kindu kwa baba yake ni hivyo, kwa baba zake wadogo pia ni hivyo, kambo, yaani babu, ndiye aliyewaachia baba zao, na wao wamezaliwa wakaikuta. "Njo namna ya jamaa yetu," alisema, akaenda na bakuli lake.

Hawa alikuwa amekaa mbele yangu. Macho yetu yalikutana, na nikaona midomo yake inataka kunitaja, inataka kuwaambia wale watoto wote kwamba sababu ni huyu hapa, huyu mrefu. Nilimtikisia kichwa. Nilikuwa nalia na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na sikuvificha. Kivuli cha nyumba ya jirani kilikuwa bado katikati ya ua. Nikanyoosha miguu mkekani, nikangoja alasiri pamoja na jamaa yangu.